Nililala Dada Yangu Akizikwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo akili yangu huirudia kila mwili unaponilemea. Nilikuwa bado msichana wa kuchota maji na kutafuta kuni, nyumbani kwetu Bungoma, na nilikuwa nimetoka tu kuugua malaria kali. Homa ilikuwa imeshuka, uji ulikuwa unapita kooni, na kwa akili yangu ya kitoto nikajiona mzima. Dada yangu Nekesa, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa anaenda mtoni na mtungi. Nikasema naenda naye. Kukhu, yaani nyanya yetu aliyetulea, alikuwa ameketi akipepeta wimbi. Alinitazama bila kuacha kupepeta, akasema, "Homa imetoka, lakini haijaaga. Kaa chini."

Sikukaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuteremka mtoni kulikuwa rahisi. Kupanda na maji kichwani ndiko kulikonishinda. Dunia ilizunguka, mtungi ukaanguka, nami nikaanguka juu ya vigae vyake. Nekesa aliyaacha maji yake pale pale akanibeba mgongoni mpaka nyumbani. Hata yeye hakuwa mkubwa, na miguu yangu ilikuwa karibu kuburuzika chini. Kukhu hakunichapa. Alinifunika blanketi, akaniambia maneno ambayo niliyasikia kwa masikio tu: "Mwili ukichoka unakuomba. Ukiunyima, utachukua wenyewe, na hautakuuliza ni siku gani inakufaa."

Nilikua, nikapona, nikasahau. Niliolewa huku Trans-Nzoia, tukalima mahindi nje kidogo ya Kitale, na nilikuwa mwanamke wa kujitwisha gunia wakati wanaume wanatafutana nani ashike upande gani. Nguvu ndizo zilizokuwa jina langu. Hata baada ya mume wangu kufariki, watu walisema, huyo hatatikisika. Kisha goti la kulia likaanza kusaga. Mwanzoni lilikuwa kero ya asubuhi, baadaye likawa bwana wa nyumba. Daktari alisema mfupa umekula mfupa, dawa ya kupaka imefika mwisho wake, kilichobaki ni kubadilishiwa goti. Nilikubali. Upasuaji ulienda vizuri, na sina neno baya la kusema juu yake.

Mwanangu Wafula na mke wake Naliaka wakanichukua nikae kwao Matisi, mtaa wa hapa Kitale, kwa sababu nyumba yangu ya shamba ina choo cha shimo, na goti jipya haliwezi kuchuchumaa.

Maumivu niliyatarajia. Uchovu sikuutarajia. Labda nilielezwa nikiwa bado na usingizi wa dawa, labda sikuelezwa kabisa. Ulikuwa uchovu wa namna yake, mwanangu. Ule wa kulima unalala nao, unaamka umekwisha. Huu nilikuwa naamka nao. Kwenda bafuni na kurudi ilikuwa safari ya kupumzikia katikati, mpaka Naliaka akaniwekea kiti kwenye korido. Nikichana nywele, mikono inashuka yenyewe kabla sijamaliza upande mmoja. Nikiwasha redio, mtangazaji ananiacha nyuma, nashtuka taarifa imekwisha na sijui alisema nini. Mchana nasinzia, usiku goti linaniamsha. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi.

Wageni walikuja. Wamama wa kanisa waliomba, wakaimba, wakanywa chai, wakakaa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, na wakiondoka nageukia ukuta. Jirani mmoja alinitania, "Mama Wafula, si goti limepona? Sasa imebaki uvivu bana." Alicheka, nami nikacheka naye. Alipotoka nililia, maana nilikuwa nimeanza kuamini hivyo hivyo. Niliwaza kwamba waliponitoa lile goti bovu walitoa na kitu kingine, na hicho hawakukirudisha. Kulikuwa pia na kizunguzungu kila nikisimama. Hicho sikumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nilikuwa nimewafundisha wanangu wote.

Aliyenishika mkono wakati huo alikuwa Nekesa. Alikuwa Bungoma, moyo wake mwenyewe ukimsumbua, lakini kila asubuhi alipiga simu. "Umeamka ama bado unaamka?" ananiuliza. Nikimwambia bado naamka, anasema, "Basi amka polepole, hakuna ng'ombe wa kukamuliwa." Alisema mvua zikipungua atakuja Kitale anione. Hakuja. Siku moja Wafula alirudi kutoka kazini mapema, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, akashika mguu wangu ule mzima.

"Mama," alisema, "mama mkubwa Nekesa ametuacha."

Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki ile ile. Basi sikiliza nilichofanya. Kesho yake niliamka nikiwa mwepesi. Sijui kama ni majonzi, sijui kama ni hasira, lakini kwa mara ya kwanza tangu upasuaji nilihisi nina miguu. Nikasema, nitajiandaa, nikasimame kwa kaburi la dada yangu kama mtu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali alikuwa ameniagiza mazoezi mafupi na kupumzika baada ya kila zoezi. Nilifanya mara dufu, bila kupumzika. Nilitembea na gongo langu kwenye njia ya mtaa, nikisalimia watu ili waone. Niliwapokea waliokuja kutoa pole nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipiga pasi nguo yangu nyeusi kwa mkono wangu.

"Mama, si ulale kidogo tu?" Naliaka alinisihi. "Hata kama ni nusu saa."

"Nikilala leo, Jumamosi nitasimama vipi?"

Mkaza mwana atasema nini mbele ya mama mkwe mwenye msiba?

Nilikwenda hivyo mpaka Alhamisi. Siku hiyo sikuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Mguu ulikuwa umevimba kama boga, ngozi inang'aa, una joto. Walinikimbiza hospitalini, kwa hofu kwamba damu imeganda kwenye mshipa. Walinipima, wakasema haijaganda, nikamshukuru Mungu. Lakini damu yenyewe ilikuwa chini sana. Daktari, binti wa umri wa wajukuu zangu, aliniuliza, "Kizunguzungu kimeanza lini, Mama?"

"Kitambo."

"Na hukutuambia?"

Alinieleza taratibu, bila kunigombeza, kwamba mwili uliopasuliwa unajenga usiku na mchana hata ukiwa umelala, na kwamba mimi nilikuwa nabeba mawe ya ujenzi huo nikiyatupa nje. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa. Safari ya Bungoma hapana. Kukaa garini na uvimbe ule, na damu ile, hapana.

Wafula alimpigia mjomba wake Barasa, ndugu yetu pekee aliyebaki, akamwomba wasogeze mazishi. Barasa alikataa. Watu walikuwa wamealikwa, kaburi limechimbwa. Akaomba azungumze nami. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mguu ndio ulipasuliwa, dada, si undugu." Akakata simu.

Jumamosi, nikiwa nimeruhusiwa kurudi nyumbani, wote walienda, isipokuwa Naliaka aliyebaki nami. Ibada ilipoanza Wafula alipiga, na Naliaka akaniwekea simu kwenye mto, karibu na sikio. Nilisikia upepo ukipiga maikrofoni. Nilisikia kwaya. Nilisikia majina ya familia yakisomwa, na langu likasomwa, na sauti ikaongeza, "huyo ni mgonjwa, yuko Kitale." Nikajiambia nitasikiliza mpaka udongo. Hilo tu. Sikuwa nadaiwa kusimama wala kutembea, kazi yangu ilikuwa kukaa macho.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia dirisha la pili. Simu ilikuwa kimya. Naliaka alikuwa ameketi miguuni pangu.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza, Mama. Sikutaka kukuamsha."

Sikumkemea. Nilitazama dari. Yule aliyenibeba mgongoni kutoka mtoni alikuwa ameingia ardhini, na mimi sikuweza hata kumsindikiza kwa sikio. Hapo ndipo maneno ya Kukhu yalipoingia, baada ya miaka yote ile. Niliunyima mwili siku nilizoweza kuupa, nao ukajichukulia siku moja ambayo sikutaka kuitoa. Msiba wa kujitakia hauna pole, husema watu. Mimi nilipewa pole nyingi, na hakuna iliyofika.

Baada ya hapo niliacha kubishana. Nilikunywa vidonge vya kuongeza damu. Nilikula mboga za managu, maharagwe na maini hata nilipokuwa sitaki kuyaona. Naliaka alisimama mlangoni kama askari: mgeni akishamaliza chai, anaambiwa kwa heshima kwamba Mama analala sasa. Nilijifunza kulala kabla sijachoka, jambo gumu kwa mtu aliyezoea kulala akiwa ameanguka. Kazi nilichagua moja kwa siku. Nikioga, basi siku hiyo sichambui mboga. Nguvu zilirudi kama mvua za kwanza, matone, halafu kimya kirefu, halafu matone tena. Ziko siku nilizoamka na mwili wa chuma na siku nilizoamka sina mwili kabisa, wala hapakuwa na sababu. Wakati wa kuvuna niliweza kupelekwa shambani nikaketi nikachambua mahindi, wengine wakibeba.

Ndipo nikaenda Bungoma. Tulisimama Webuye ninyooshe mguu, nikazunguka gari polepole huku Wafula akinishika kiwiko, kisha tukaendelea. Kaburi la Nekesa lilikuwa limeshuka katikati, majani yameanza pembeni. Barasa alitoka nyumbani kwake, akanisalimia kwa ncha za vidole. Aliniletea kiti, nikadhani ni amani.

"Watu walikuuliza," alisema. "Wote. Sikujua niwaambie nini."

"Ungewaambia nilichoka."

"Ati kuchoka," alisema. "Nani husema hivyo matangani?"

Alibaki amesimama, mimi nimeketi. Tulipoondoka alitupungia mkono, lakini mpaka leo hajakanyaga kwangu. Wapwa wananiambia siku hizi anateremka ngazi za kanisa kinyumenyume, ameshika ukuta. Najua maana yake: ni magoti. Nimemtumia salamu aende aonwe mapema, nikamwambia na habari za uchovu, kwamba usimkute kama ulivyonikuta mimi. Hajajibu. Bado nazituma.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe ambaye magoti yako bado hayajakuuliza kitu. Siku ukipasuliwa, au ukimpeleka mzazi wako kupasuliwa, usidhani kidonda kikifunga kazi imekwisha. Kidonda huonekana, uchovu hauonekani, na kisichoonekana ndicho watu hukiita uvivu. Usikiite hivyo, kwako wala kwa mwenzako. Lala mchana bila haya. Kula hata kama kinywa kinakataa. Fanya mazoezi uliyoagizwa, si zaidi ili usifiwe, wala si pungufu ukiogopa maumivu. Ukiamka siku moja una nguvu, usizimalize siku hiyo hiyo, maana kesho nayo itataka fungu lake. Na jambo ukilihisi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, mguu kuvimba, liseme siku hiyo hiyo kwa wanaokutibu. Ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Mtu mwenye akili asishindwe na ng'ombe. Na kama ni wewe unayeuguza, punguza wageni, ongeza subira, na usimpime mgonjwa kwa nguvu alizokuwa nazo zamani.

Na ikitokea ukakosa siku kubwa kwa sababu mwili umekataa, utalia, nami sitakuambia usilie. Mimi bado nalia. Lakini usijilaani, na asiyekusamehe, endelea kumsalimia.

Mungu akupe viungo vyepesi na usingizi usiokatika. Akupe watu wa kukuwekea kiti kabla hujaomba. Ukianguka, apatikane wa kukubeba, na akitangulia yeye, Mungu akujalie macho ya kumsindikiza.