Simu Iliyojaa ya Nyaguthii

Nyaguthii anauza gesi ya kupikia mtaani Kapsoya, na ulimi wake huwaka kuliko mitungi yake. Mwaka jana tapeli alimwonyesha meseji feki ya malipo, akaenda zake na mitungi miwili. Tangu hapo Nyaguthii hafuti meseji yoyote kwenye kabambe yake, kisimu cha vitufe. Zote ni ushahidi, anasema.

Jumamosi, fundi wa mawe anayeitwa Oluoch alilipia mtungi kwa simu, akaonyesha meseji yake. Simu ya Nyaguthii ilinyamaza kama maiti.

"Mama, pesa imetoka. Ngoja kidogo."

"Hata yule wa kwanza aliniita Mama! Mwizi! Mwizi!"

Vijana wa boda walifika na rungu kabla Oluoch hajapumua. Teke la kwanza lilimng'oa Oluoch meno mawili, jiwe likampasua kichwa, damu ikamziba macho. Mmoja wao akaanza kutoa petroli kwenye pikipiki.

Kuona petroli, Nyaguthii akashtuka. Akaangalia salio. Pesa ilikuwa imeingia! Kabambe ndiyo iliyoshiba meseji, haikuwa na nafasi ya nyingine.

"Wacheni! Amelipa!"

Nani asikie? Walikuwa wamelewa kupiga. Akajitupa juu ya Oluoch na kilo zake tisini, rungu likamvunja mkono. Hapo ndipo wakaacha, kila mmoja akijifanya mpita njia.

Oluoch akatema damu.

"Mama, siku nyingine anza na salio. Matusi nitayangoja."