Flashi Haikuletwa Kuzima Machweo

Naikumbuka jioni moja ya Bumula, mwanangu, na kila nikuonapo ukilifungua hilo begi lako la taa, jioni ile hunirudia. Wewe una flashi za kila namna, na vidude vya redio vya kuziamrisha ziwake zikiwa mbali na kamera. Sikuonei wivu. Haya, kidogo nakuonea. Mimi wakati wako nilishika flashi moja tu, na hata hiyo ilikuwa ya Mama Wanjiku.

Mama Wanjiku ndiye aliyekuwa na studio hapa Kitale, jirani na msikiti, ukuta mmoja na duka la marehemu baba. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kulima mahindi. Yeye akalikataa jembe, akashika kamera. Alinichukua nikiwa binti asiyejua kitu ila kujipenda, akanifunza kazi bila kunificha lolote. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi Mungu alinipendelea, nikafunzwa na mama wawili.

Basi siku hiyo tuliitwa Bumula, kwa Mzee Wekesa. Sisi watu wa huku unatujua. Mtu huishi maisha yake yote bila kupigwa picha moja ya maana, na akishakufa ndipo watoto wanahangaika kutafuta sura ya kuweka juu ya programu ya mazishi. Wanaikata kutoka kwa picha ya harusi ya jirani. Ndivyo alivyozikwa mke wa Mzee Wekesa: uso nusu kivuli, na begani kwake mkono wa mtu asiyejulikana.

"Watu walishika programu wakaniuliza, 'Mzee, hii mkono ni ya nani?'" akatuambia. "Badala ya kulia na mimi, ati wanauliza mkono! Mimi yangu nataka nipigwe nikiwa hai, hapa kwangu. Na huyo mama awe nyuma yangu."

"Huyo mama" alikuwa mparachichi. Mkewe aliupanda alipoolewa, na sasa kaburi lake lilikuwa kando ya shina. Mzee alitaka picha ya jioni, jua likizama upande wa Busia na mbingu ikiwa nyekundu nyuma ya mti, kwa sababu ndiyo saa waliyozoea kukaa pale wakinywa chai. Sasa unajua jua likiwa mgongoni mwa mtu, uso wake huwa giza. Ndiyo maana tukaja na flashi.

Tuliifunga kwenye stendi, tukaitia mwavuli mweupe wa kuulainisha mwanga. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwenye miwa na ungeuangusha wote, kwa hivyo Mama Wanjiku aliishika stendi mwenyewe kwa mikono miwili. Mwenye studio, mwanangu, amesimama kwenye nyasi anashika mwavuli, na kamera ameniachia mimi. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, na yule mama hakuusahau hata siku moja.

Mimi kwa kiherehere changu nikaipandisha flashi mpaka mwisho. Paa! Kwenye skrini uso wa mzee ukatoka safi, kila mvi mahali pake. Nikamkimbilia kumwonyesha, meno yote nje.

Mzee aliitazama kwa muda. "Uso yangu naiona," akasema taratibu. "Lakini mama yuko wapi?"

Nikatazama tena. Nyuma yake palikuwa giza totoro. Mti haupo, mbingu haipo. Nilikuwa nimemwasha mzee nikamzima mkewe. Aligeuka kuutazama mparachichi wake, akajipangusa macho, nami nikatamani ardhi inimeze. Jua lilikuwa limebakiza kipande kidogo juu ya miwa, na mzee alikwisha kutuapia kwamba suti aliyoivalia picha hiyo haivai tena mpaka siku ya kuzikwa.

Mama Wanjiku hakunigombeza mbele ya mwenyeji. Aliniita kwa sauti ile ile ya kuitisha chai.

"Zuhura, hiyo flashi unaipigisha kelele. Izime kwanza. Piga mbingu na mti peke yake, mpaka zitoke vile mzee anaziona. Yeye akitoka mweusi, wacha. Ukimaliza hapo ndio uniitishe taa. Na uniitishe kidogo tu."

Nikaiacha kamera ifumbue jicho lake kwa muda mrefu zaidi, mpaka wekundu wa mbingu ukaingia na majani yakaonekana. Kisha flashi nikaipunguza, nikaipunguza tena, naye Mama Wanjiku akausogeza mwavuli pembeni, karibu na mzee, upepo ukimvuta.

"Mzee, tulia hivyo hivyo," nikasema. "Usipumue."

"Nisipumue? Si ungoje kwanza, bana! Bado!"

Tukacheka sote, na katika kicheko kile nikabonyeza. Akatoka anacheka, uso wake una joto kana kwamba jua limegeuka kumwangalia, na nyuma yake mti wote, kaburi, na mbingu inayowaka. Aliishika kamera kama mtu anayeshika mtoto mchanga. "Sasa tuko wote," akasema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, picha ikiwa ukutani sebuleni, akijigamba kwa wageni. Alipotutoka, mimi na Mama Wanjiku tulikwenda kumzika. Hakuna aliyeuliza habari za mkono. Mjukuu mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake programu: "Huyu ni Kuka. Na huyu nyuma ni Kukhu," akaugusa mti kwa kidole. Ndivyo Wabukusu wanavyowaita babu na bibi. Mama Wanjiku alisikia, akanishika mkono, akalia. Mimi pia nililia, kwa shukrani. Mkono wake ulikuwamo katika picha ile, ila hakuna aliyeuona.

Nasaha yangu ni hii basi. Ukifika kwa watu, tazama kwanza nuru uliyoikuta kwao, uipe nafasi yake, ndipo ulete yako, kwa kiasi na kutoka pembeni. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo mwenyeji asionekane. Na siku utakapokuwa na studio yako, mwachie kijana wako kamera, wewe ushike mwavuli.

Nenda, mwanangu. Mola akuwekee watu wa kukushikia taa kwenye upepo, akujalie moyo wa kuwashukuru wangali hai, na picha yako ya mwisho wakukute umo ndani unacheka, na uliowapenda wote wanaonekana nyuma yako.