Pole Zilizofanana

Hikma Abdurahim hakuwa mtu wa kuketi. Ukimkaribisha ndani atasimama mlangoni, jicho moja kwako na jingine kwenye simu, na ataaga kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani. Marehemu mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa na siafu miguuni. Alifika miaka arubaini na kitu akiwa vivyo hivyo. Asubuhi aliuza madira na mitandio kibandani kwake katika soko la Gikomba, Nairobi, na mchana alikuwa mbioni kushughulikia jambo la mtu mwingine.

Mambo ya watu hayakuisha kwa sababu ya Udada. Udada wa Shauri Moyo ulianzishwa na mama zao, wanawake waliopanga vyumba vya kaunsili ya jiji mtaani humo miaka ile. Wengine waume zao walifanya kazi reli, kama baba yake Hikma aliyetoka Lamu. Wengine walikuwa wake wa makarani waliotoka magharibi. Hawakuwa na katiba ndefu. Dada akijifungua, akiuguza au akifiwa, wenzake wanafika. Waislamu walikesha kwenye matanga ya Wakristo, na Wakristo walijifunga leso wakapika biriani ya arusi kama waliozaliwa nayo.

Lakini dada walikuwa wametawanyika. Kuna waliohamia mitaa ya Umoja, Mowlem na Kayole, na waliobaki Shauri Moyo wengi wao miguu ilikuwa imechoka. Mambo yote yakahamia kwenye kundi la simu, na ujumbe ukamiminika hadi katibu akajiuzulu akisema kichwa kinampasuka.

Hikma ndiye aliyesimama mkutanoni akapendekeza akili unde. Mwenyekiti, Roseline, ambaye wote walimwita Mama Obonyo, aliuliza kama hicho ni kitu cha kula. Watu wakacheka. Hikma akaeleza: unaongea na simu, yenyewe inaandika, ukishindwa kusoma, inakusomea. Akajitolea kuwafundisha, na Jecinta, fundi wa simu Buruburu, akajitolea naye.

"Hii kitu ni moto, anti," Jecinta alimwambia. "Wamathe wakiishika, watatuwacha nyuma."

Na kweli waliishika. Jumamosi baada ya Jumamosi, wale wawili walizunguka vyumbani na ukumbini wakiwaonyesha akina mama mahali pa kubonyeza. Dada waliipa ile akili jina la Mjuaji. Mama Obonyo, aliyekuwa na mtoto wa jicho, alisikia ratiba ya mkutano ikisomwa kwa sauti, akashika mdomo kwa mshangao. Matangazo yakanyooka. Wasiojua kuandika wakaanza kuandika. Hikma alijisikia kama mtu aliyevunja ukuta kwa mikono yake, akataka kuvunja mwingine. Alipoalikwa na kikundi cha wanawake wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben awafundishe nao, alikubali kabla ya kuulizwa mara ya pili.

Alikuwa huko Mukuru, amezungukwa na wanawake waliotoka zamu ya kiwandani, simu ilipotetemeka. Mama Nakhumicha ameaga dunia, Mowlem, nyumbani kwa binti yake.

Binti huyo, Nakhumicha, na Hikma walikua wakitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mama Nakhumicha aliuza mboga soko la Shauri Moyo, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi, na mtoto wa jirani kwake alikuwa wa kulisha na wa kuchapa. Hikma alisimama na simu mkononi. Mwanamke mmoja alikuwa akimvuta mkono: "Dada, hapa nibonyeze wapi?" Hikma akamwonyesha. Kisha, harakaharaka, akamwambia Mjuaji: niandikie pole kwa rafiki aliyefiwa na mama. Ikaja, nzuri, imenyooka. Akaituma.

"Si utaenda?" Jecinta aliuliza.

"Jioni."

Jioni kukawa na jambo jingine. Kesho yake, jingine tena. Bi Salme, mmoja wa wale wazee waliobaki, alimjia kibandani akiburuta miguu. Hakuwahi kuingia darasani maishani mwake. Alitaka naye kutuma neno. Hikma alimshikia simu, na Bi Salme aliongea nayo muda mrefu, akilia, akirudi nyuma, akijisahihisha. Wateja walisimama wakasubiri. Mjuaji akayapanga yale maneno, akayasoma kwa sauti, na Bi Salme akatikisa kichwa: ndivyo. Hikma akatuma, akamsindikiza, akarudi kwenye mitandio. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajafika Mowlem.

Alipofika hatimaye, jua lilikuwa bado juu. Hema lilikuwa limesimamishwa mbele ya nyumba, na chini yake viti vya plastiki, safu kwa safu, karibu vyote vitupu. Majirani wachache walikuwa pembeni. Nakhumicha aliketi mbele, simu mapajani.

"Karibu," alisema, bila kuinuka.

"Pole, mwenzangu. Nilikutumia..."

"Najua ulinitumia. Keti nikusomee." Akafungua simu. "'Maneno hayatoshi kueleza huzuni yetu. Mama alikuwa nguzo na taa.' Huyo Mama Obonyo. 'Maneno hayawezi kueleza majonzi tuliyo nayo. Mama alikuwa taa na nguzo ya wengi.' Huyo ni wewe. Niendelee?"

Hikma alishika mgongo wa kiti bila kuketi.

"Mama yangu alikuwa taa, Hikma? Mama aliyekuzaba kofi kwa kuvuka barabara ya Jogoo mbio, halafu akakununulia njugu ukinyamaza? Wewe ndiye wa kuniambia alikuwa taa?"

"Nilikuwa Mukuru, nikasema..."

"Viti nimekodi kama vya zamani. Nilidhani mtakuja." Nakhumicha akasogeza kidole kwenye kioo. "Kuna mmoja tu niliyemlilia. Sikiliza. 'Nilipomzaa Ubaid, mume wangu hakuwepo na sikuwa na mtu. Mama yako alivuka uwanja na sufuria ya uji kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka arubaini yangu ikaisha. Hakuniuliza hata siku moja mume yuko wapi. Nilitaka kumshukuru nikaona haya. Nikangoja, nikangoja, mpaka ameondoka.'" Akairudisha simu mapajani. "Bi Salme huyo. Hajasoma, lakini ona. Huyu hakupitia kwa mashine yenu."

Hikma angeweza kunyamaza. Aliyaangalia yale macho yaliyovimba, akaona kwamba kunyamaza ndio ungekuwa wema wa haraka, na wema wa haraka ndio uliomleta hapo.

"Alipitia," alisema. "Mimi ndiye niliyemshikia simu."

Nakhumicha alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Basi hata huyo mmenichukulia," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hikma alibaki katikati ya viti. Alitaka kugonga, kueleza, kukimbia. Mwili wake wote ulikuwa ukimwamuru afanye kitu. Akapanga viti vilivyokuwa tayari vimepangwa. Mwisho akaondoka.

Kulipopambazuka alikuwa Shauri Moyo, akigonga mlango hadi mlango. Hakutuma ujumbe. Alisema ana kwa ana: leo tunaenda Mowlem, vaa. Wengine walishangaa, maana walikuwa wametuma pole na wakaamini wametimiza. Mama Obonyo alinuna kidogo, akachukua mkoba. Bi Salme hakuambiwa aende, kwa sababu ya miguu yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwa tayari.

Waliingia hemani kwa kundi, wengine wakiimba wimbo wa kanisani, wengine wakisoma dua kimoyomoyo. Nakhumicha aliwapokea mmoja mmoja, mkono mkavu. Alipofika kwa Bi Salme, akasita.

"Bi Salme, yale maneno ni yako au ya mashine?"

"Yangu, mwanangu. Kile kilinishikia kalamu tu." Bi Salme akajishusha kitini kwa taabu. "Na sikukiambia yote. Uji ulikuwa wa wimbi, na mama yako alikuwa akiutia ndimu nyingi mno. Akishatoka, nusu nilikuwa namwaga."

Nakhumicha alimkazia macho, kisha akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata akajishika kifua, na katikati yake kikageuka kilio, na Bi Salme akamvuta kichwa akakilaza begani. Hikma aliyaona yote akiwa nyuma, amebeba chupa za chai ambazo hakuna aliyemwomba abebe. Nakhumicha hakumtazama. Na Hikma alijua kwa nini. Alikuwa na uji wake mwenyewe wa kusimulia, sufuria nzima, na hakutoa hata kijiko.

Walimsindikiza marehemu hadi kwao Bungoma, wakazika, wakarudi. Kisha likaja la mkutano. Kuna waliotaka Mjuaji atupwe siku hiyo hiyo. Muse, dada aliyeuza viungo Gikomba na kutafuta sababu ya kugombana kila wiki, alisema tangu mwanzo aliona kitu hiki kitawafanya wavivu. Mama Obonyo akainuka.

"Na mimi nisiyeona? Mnanirudisha gizani kwa sababu nyinyi mlikuwa wavivu? Hata mimi nilituma ile ya taa na nguzo. Haikunilazimisha. Nilitaka tu kumaliza."

Macho yakamgeukia Hikma. Alisema wampe muda yeye na Jecinta. Wakaketi wawili wakaandika upya maelekezo ya Mjuaji. Tangu siku hiyo, dada akiomba aandikiwe pole, Mjuaji humuuliza kwanza: ulimjua vipi marehemu? Unakumbuka nini? Utakwenda lini? Asiye na la kusema haandikiwi.

Haikupokelewa kwa vigelegele. "Mashine inatuhoji kama askari," Muse alilalamika. Wawili watatu walijitoa. Wengine waliacha kutuma pole kabisa na hawakuanza kwenda, na hao ndio waliomsumbua Hikma zaidi, kwa kuwa hakuwa na maelekezo ya kuwaandikia. Jecinta alimwambia awache kujichoma. "Si wewe uliwashow wasiende, anti." Hikma alisikia, lakini ndani yake kitu hakikutulia. Kila Jumapili alienda Mowlem. Mara nyingine mlango ulifunguliwa, wakaongea habari za bei ya nyanya. Mara nyingine aliambiwa Nakhumicha ametoka, na viatu vyake viko pale kizingitini.

Miezi ilipita hivyo. Nakhumicha hakutoka kwenye kundi la simu, ila hakuandika neno.

Halafu asubuhi moja, Hikma akifungua kibanda, jina la Nakhumicha likatokea kwenye kundi. Sundus, mjukuu wa Bi Salme, amejifungua hospitali ya Pumwani, na hali yake si nzuri sana. Hakukuwa na maua wala taa katika ujumbe huo. Aliandika tu: nani anakwenda?

Hikma aliandika "mimi" na kuanza kurudisha madira ndani hata kabla ya kuyapanga. Simu ikaita.

"Usitangulie mbio," Nakhumicha alisema, bila salamu. "Ningoje langoni. Nimepika uji."

"Wa wimbi?"

"Wa wimbi. Na ndimu sikutia."

Hikma alifunga kibanda, akatoka. Hakukimbia, ingawa ilimgharimu.