Jumba la Upepo la Barabara ya Rockey

"Achia, Marthe. Utalipasua jumba la watu."

Marthe hakuachia. Alikuwa ameshika ncha moja ya pazia, Ignace mpiga picha ameshika ya pili, na katikati yao jumba la orofa tano lililochorwa juu ya pazia hilo, jekundu kama udongo wa kuchoma matofali, lilikuwa likijikunja na kujikunjua kama tumbo la mtu anayecheka. Mwaka wa tatu huo walikuwa wamepanga chumba kimoja cha duka huku ugenini, mtaa wa Yeoville. Mbele ya pazia Ignace aliwapiga watu picha za kutuma nyumbani. Nyuma yake Marthe alisuka nywele. Leo Marthe alitaka pazia lishuke kabla ya saa sita, lisionekane tena chini ya jua.

Sababu ilikuwa baba yake. Mzee Marcellin, mwashi wa Uvira, alishuka basi jana, akalala kwa Octave, binamu wa Marthe, kule Hillbrow, na sasa alikuwa anakuja.

Miaka miwili nyuma Marthe alisimama mbele ya jumba hilo na gauni la kuazima, akapigwa picha, akaandika mgongoni mwa picha: Papa, ninafanya kazi nyuma ya madirisha haya. Uongo uko wapi hapo? Lakini mzee, mtu aliyejenga nusu ya Uvira kwa mikono na nusu iliyobaki kwa mdomo, aliyahesabu madirisha yale kwa njiti ya kiberiti, akalala, akaamka, akaendelea alipoachia. Kisha akapiga simu kuuliza kama kuna chumba cha ziada. Marthe akacheka, akamwambia vyumba havihesabiki. Hapo ndipo uongo wenyewe ulipozaliwa, tena na meno yote mdomoni.

Denise, mteja aliyeketi nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama kimeona chui, aliuliza mzee ataambiwa nini. Marthe akasema atamwambia serikali imelibomoa wiki iliyopita. Nyumba ya ndotoni mwa mchoraji, nani atakuja kuidai?

Ignace aliachia pazia ghafla, Marthe nusura akae chini.

"Si ya ndotoni," akasema. "Ipo."

"Ipo wapi?"

"India, mji wa Jaipur. Mzee wa Fordsburg aliyeniuzia kitambaa ametoka hukohuko."

Akaeleza kwamba linaitwa Hawa Mahal, jumba la upepo. Limesimama zaidi ya miaka mia mbili. Mfalme alilijenga ili wanawake wa ikulu watazame barabara bila barabara kuwatazama wao, ndiyo maana madirisha ni mia tisa na hamsini na matatu. Tena orofa za juu hazina kina, ni chumba kimoja tu halafu basi. Denise akatafuta kwenye simu yake, na kweli, likatokea, magari yanapita miguuni pake. Marthe alilikodolea macho, mdomo wazi, nzi angeweza kuingia, kuketi na kuagiza chai. Miaka mitatu amekuwa akiipa mgongo nyumba ya mfalme, akidhani ni tambara.

Hajaufunga mdomo, simu yake ikalia. Alikuwa Octave. Mzee ametoka Hillbrow kwa miguu, amekataa teksi, anasema ikulu haiingiwi kwa kubanana na abiria. Na jambo lingine: mizigo aliyoiacha nyumbani kwake si zawadi. Ni godoro, miko ya uashi, timazi na picha ya marehemu mama. Nyumba ya Uvira amemwachia mdogo wake mbele ya ukoo mzima, na ukoo umebariki. Hakuja kutembea. Amekuja kukaa.

Kitana kilimponyoka Marthe. Yeye mwenyewe alilala kwenye roshani ya watu iliyozibwa kwa mbao, fupi hivi kwamba akinyoosha miguu vidole vinaota jua peke yavyo. Denise akashika kichwa chake kilichosukwa nusu, akasahau kinauma.

Sasa Ignace ndiye aliyekimbilia ngazi. "Tulishushe, dada. Haraka, huenda amefika kwenye robot, pale taa za magari."

"Liache."

"Si ulitaka—"

"Nilitaka alipokuwa mgeni. Mgeni unamdanganya siku tatu, anapanda basi. Huyu hana tena pa kurudi." Akasimama mbele ya jumba, palepale aliposimama siku ya picha, akajifuta mafuta ya nywele mikononi. "Nitamwambia hapahapa, akilitazama. Nitasema, Papa, hiki ni kitambaa. Ninapolala mimi hata godoro lako halita—"

Mlango ulisukumwa.

Mzee Marcellin alikuwa kizingitini, kofia kwapani. Hakuwatazama watu. Alilitazama jumba kutoka chini hadi juu, polepole, halafu akainama, akaanza kufungua kamba za viatu, kama mtu aliyefika kwake.