Mkeka Katikati ya Vitanda Viwili

Tangu wiki iliyopita namuuguza shangazi katika wodi ya wanawake, hapa Mbale. Shangazi ni askari magereza mstaafu, na Kiswahili chake bado kimevaa buti. Kwenye kitanda cha pili amelazwa mama mmoja aliyevunjika mguu, mtu wa Karamoja, mbali kaskazini. Huyo huokota mahindi yanayomwagika kwenye vinu vya kule viwandani, na usiku hulala barazani hukohuko.

Nesi alikuja kumwandaa kwa upasuaji. Kwanza aliinama akachungulia uvunguni. Hakukuwa na beseni wala mkeka wa jamaa wa kumuuguza, na kwetu mgonjwa asiye na mkeka uvunguni hana ukoo.

"Mtu yako iko wapi?" akauliza. "Nani atakupikia, nani atakuosha? Bila mtu, hatuwezi kukupasua."

Mama alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mtu yake ni mimi," shangazi akasema.

"Afande, wewe pia ni mgonjwa. Huyu ni nani yako?"

"Jirani."

"Jirani wa wapi?"

Shangazi alipiga godoro lake kofi, kisha akanyoosha kidole kwenye kitanda cha pili. "Hapa na hapo."

Nesi alijaribu kununa, akashindwa. Akaandika.

Nilikuwa nimeshaanza kuutungia wema huo safu nzuri ya gazetini, shangazi aliponigeukia. "Na wewe unaangalia nini? Vuta mkeka yako katikati."

Nikauvuta. Mguu wa yule mama umeshaungwa, na sasa napika uji wa watu wawili. Jana yule mama alionja, akakunja uso, akasema sukari haitoshi. Hapo nikajua amepata ndugu.