Nilivyohamia kwenye gari parking ya Hallunda, kanisa likatangaza ndoa yangu imekufa

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliolala vitandani na mliofukuziwa kwenye makochi.

Haya yamenipata mwenyewe hapa Stockholm. Shahidi ni mke wangu, ataisoma hii thread na kunikosoa, kama kawaida yake.

Mimi Mtanzania, mke wangu Mkongo wa Uvira. Tunaishi Hallunda, ghorofa ya pili, chumba na sebule, choo kimoja, pamoja na binti yetu Neema ambaye enzi hizo alikuwa na miaka mitano.

Mwaka ule wa korona mama mkwe alikuja kumsalimia mjukuu. Akafika, ndege zikasimama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila Hallunda jembe utalimia wapi?

Kwa mila za kwao, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawali meza moja. Sasa niambieni, mtakwepana vipi kwenye nyumba ambayo ukitoka kuoga unatokezea sebuleni? Nilikuwa natoka bafuni nimevaa mpaka soksi.

Hilo lakini si lililonihamisha.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Watu mnasema Sweden hakukuwa na lockdown. Kweli, tuliachiwa akili zetu. Ila wazee waliambiwa wakae mbali na watu, na kule kazini kwangu walikuwa wanaondoka. Leo unamlisha bibi uji anakutania Kiswidi chako, wiki ijayo kitanda kimetandikwa hakina mtu.

Na mama mkwe ana sukari na kifua kibovu.

Nilikuwa naogopa, wakuu. Nikimpelekea yule mama ugonjwa akafia sebuleni kwangu, mke wangu nitamtazama kwa jicho gani?

Mwenzangu kazini, Mswidi mmoja anaitwa Lasse, alikuwa na husbil, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani. Safari yake ya likizo ilikuwa imekufa. Akanipa ufunguo, akasema nikae nalo. Nikalipaki chini ya balcony yetu (mutuka, kwa Kiswahili cha mama mkwe), nikahamia.

Tukakubaliana na mke wangu tusimtie mama hofu. Tukamwambia nina zamu mbovu, nahitaji sehemu ya kulala bila kelele za mtoto. Akaitikia tu, "Haya." Nikajua kashanihesabu kichaa.

Maisha ya husbil mkiyaona kwenye YouTube mtatamani. Hamtaonyeshwa choo. Choo chake ni dumu la kuchomoa, unalibeba mwenyewe kwenda kulimwaga, na siku hiyo lazima ukutane na mtu anayekuheshimu.

Chakula kilishuka kwa kamba kutoka balcony. Mama alikuwa anapika sombe, kisamvu chetu kile, anaweka kwenye ndoo ya Neema ya kuchezea mchanga, anashusha taratibu. Nikipokea, yeye anageuza uso pembeni, mila ni mila. Waswidi wanapita, wanaangalia, hawaulizi. Nawapendea hilo.

Balaa likaanzia kwenye group la kanisa, ambalo wengi ni Watanzania.

Mke wangu alitaka kuomba maombi. Alikuwa anamaanisha nimejitenga, yaani karantini. Akaandika: "Mimi na bwana yangu tumetengana juu ya korona. Mutuombee."

Tumetengana!

Kina mama wakaanza kumpigia kumpa pole. Dada mmoja akathibitisha kwa macho yake kwamba aliniona parking nimevaa singlendi, napiga mswaki. Kesi ikawa imeisha.

Neema naye akaipigilia msumari. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Mzee Elifasi, Mtanzania mwenzangu wa Hallonbergen, msuluhishi wa ndoa zote za kanisa, akapiga simu, ikapokelewa na Neema. Akaulizwa baba yuko wapi. "Pappa bor på parkeringen." Baba anaishi parking.

Mzee akaitisha kikao kwa video. Nikajaribu kueleza, akasema wanaume wote huwa wana maelezo. Akataka mzazi wa mwanamke awepo.

Basi mimi niko kwenye husbil na simu, mke wangu na mama wako juu sebuleni, wazee wa kanisa kila mmoja kwenye kidirisha chake. Mzee Elifasi akafungua kwa sala ndefu, kisha akamuuliza mama kwa upole binti yake alimfukuza mume kwa kosa gani.

Mama akasogea kwenye kamera.

"Hakuna mutu alimufukuza. Huyu mukwe analalaka mu mutuka juu yangu."

Mzee Elifasi alivua miwani. Mzee mwingine akazima kamera kabisa.

Mama akaona hawajaelewa, akakazia. "Juu yangu mimi, muzee. Kila siku."

Mke wangu akadakia kwa kelele kwamba kwao "juu yangu" ni "kwa sababu yangu". Mimi nilikuwa sakafuni kwenye husbil, nimejifunika mto usoni.

Mama hakucheka. Akaendelea, sauti imeshuka. "Anaogopa kuniletea ule ugonjwa nikufe. Walinidanganya ni kazi, nikanyamaza. Ule si mukwe tena. Ule ni mutoto wangu."

Nikautoa mto usoni. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Nililia, wakuu, wazee wa kanisa wakiniona.

Mama alikaa mpaka ndege zikafunguka, akarudi Uvira mzima. Lasse alirudishiwa gari lake, nimelisafisha mpaka choo.

Nilichojifunza: ukitaka kumlinda mtu mzima, usimdanganye, anajua. Na kabla hujaandika kwenye group, muulize Mtanzania.

Sasa hivi mama yangu mzazi kapiga simu kutoka Mwanza. Stori ya gari ilimfikia nusunusu, akamuuliza mjukuu wake kwa nini baba alikuwa analala nje. Neema, ambaye hajawahi kumjibu bibi yake Kiswahili hata siku moja, akajibu kwa fahari, Kiswahili alichofundishwa na koko, yaani bibi yake wa Uvira:

"Papa alilalaka mu mutuka juu ya koko."

Mama yangu akasema, "Nipe baba yako."

Simu ninayo mkononi hapa, bado sijaipeleka sikioni. Watu wa Kigoma na Kongo, shukeni na comments mnisaidie. Naanzia wapi?