Penseli ya Kugongea Valvu

Baba yangu hakuwahi kuamini mita. Alikuwa nayo moja ya sindano, ya kupimia umeme, imelala ndani ya mkoba wa ngozi alioshonewa sokoni Kariokor enzi zake za kazi ya reli, lakini aliitoa kwa nadra na kwa dharau, kama mtu anayelazimika kumsikiliza shahidi mwongo. "Mita inaweza kukudanganya," alikuwa akisema. "Sikio halidanganyi." Zamani maneno hayo yalinichekesha. Siku hizi nikiyakumbuka, cheko lote hunitoka.

Alikuwa akiishi peke yake tangu mama afariki, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye mtaa wa zamani wa kanjo, zile nyumba za baraza la jiji, huku Eastlands. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha ya harusi, kalenda ya kanisa, mashine ya santuri, na amplifaya. Amplifaya hiyo ilitoka kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, siku ukumbi ulipofungwa na vitu vyake kutupwa nje. Ni sanduku la chuma la kijivu, zito kama gunia la mahindi, na juu yake zimesimama valvu, zile glopu za kioo zilizofanya kazi kabla ya redio ndogo za siku hizi. Zile ndogo za mbele huipokea sauti, na zile nne kubwa za mwisho huisukuma hadi kwenye spika. Zikichoka hizo za mwisho, muziki wote huchoka nazo.

Mimi naishi Tassia, nashona mapazia na sare za shule. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nikienda kumpikia na kumsikiliza akiwasema vibaya waimba kwaya. Kaka yangu, ambaye ni mtu wa ofisi na wa mipango, alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake mezani, mbele ya baba mwenyewe, huku akimega ugali: "Mzee, tumekuachia hii nyumba kwa sababu unajiweza. Siku utashindwa na kitu kimoja, kimoja tu, nakupeleka nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nyumbani maana yake ni magharibi, kwenye boma letu, ambako kuna taa mbili za sola na hakuna soketi inayoweza kuwasha hata pasi.

"Huko nitakaa nikiangalia ng'ombe," baba alijibu, "na ng'ombe wakiniangalia mimi. Tutachoshana."

Tulicheka. Lakini niliona jinsi alivyotupa jicho kwenye amplifaya, na nikajua hakuwa anacheka.

Basi alianza kulalamika kwamba sauti imepungua. Kila Jumapili nilimkuta ameongeza kidogo, na kila Jumapili aliniambia haitoshi. "Mama, hizi valvu zimezeeka." Huniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na hata akinigombeza hunigombeza kwa heshima. Aliamua kutafuta nyingine, tena za nguvu zaidi, na abadilishe baadhi ya vipande chini ya sanduku ili zikubali kukaa. Mtaani Huruma kulikuwa na mjane wa fundi mmoja wa redio aliyekuwa anataka kuondoa vitu vya marehemu. Nilimsindikiza. Tulirudi na katoni ya valvu, kila moja imeviringishwa gazeti, na baba aliikumbatia njia nzima, hataki hata niiguse.

Sasa, kuna namna yake ya kuchagua, na ndiyo aliyonifundisha nikiwa msichana mdogo. Unaiweka valvu mahali pake, unawasha, unangoja ipate moto, halafu unaigonga kwa mgongo wa penseli, taratibu. Iliyo nzima hutoa kwenye spika kishindo kidogo tu, kikavu, kisha basi. Iliyolegea ndani hulia. Hulia kama kijiko kwenye bilauri, na mlio hauishi upesi. Inayolia haifai: itakupa mngurumo, na ikizidi itaanza kula umeme bila mpango mpaka iunguze kitu. Zamani tulikuwa tukishindana, nani atasikia kwanza. Baba alishinda kila mara. Alisikia mlio ambao mimi nilikuwa bado naungoja.

Jumapili hiyo alivuta kigoda, akaweka valvu ya kwanza kutoka katoni ya Huruma, akangoja, akagonga.

Spika ililia mpaka nikageuka kutoka jikoni.

"Hii nzuri," alisema.

Nilidhani ananitania. Akaweka ya pili. Hiyo ililia kuliko ya kwanza. Aliinamisha kichwa, akafumba macho kama alivyozoea, akangoja mlio ambao ulikuwa umejaa nyumba nzima, kisha akaitenga upande wa zinazofaa. Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikimtazama usoni nipate hata dalili ya mzaha. Haikuwepo.

"Huyu fundi alikuwa mtu makini," alisema kwa furaha. "Katoni nzima, hakuna hata moja inayolia."

Hapo ndipo nilipoelewa mambo mawili kwa mpigo. Katoni ile ilikuwa ya zile ambazo marehemu alizikataa. Na baba yangu alikuwa haisikii tena dunia ya sauti za juu, ile ya vijiko na kengele na ndege.

"Baba, hiyo inalia," nilimwambia.

"Nini?"

"Valvu. Inalia!"

"Wee Mama, hayo ni masikio ya cherehani," alisema, akacheka, akanipiga begani kwa penseli. "Umekaa na hiyo mashine mpaka kila kitu kinakulilia."

Nilimwomba apime kwa mita. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Nikasema twende hospitali wamwangalie masikio, akajibu kwamba kinachoumwa hapo ni amplifaya. Na kaka sikumpigia. Nilijua angefanya nini, kitu kimoja kingekuwa kimepatikana, na wiki hiyohiyo baba angekuwa amefungashwa na magodoro yake. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia kaka, kisha nikarudi Tassia nikashona sare za watu kombokombo.

Wiki zilizofuata nilienda mara nyingi zaidi, hata katikati ya wiki, nikisingizia mboga. Kila nikienda nilikuta kitu kipya cha kunitia hofu. Kwanza harufu, kama mshumaa uliozimwa, iliyokuwa ikitoka kwenye transfoma, kile kipande kinachozigawia valvu umeme. Zile valvu za Huruma, alizokwisha kuziweka, zilikuwa zinaidai moto mwingi kuliko ilivyoumbwa kutoa. Baba alisema ni vumbi. Halafu sanduku lenyewe: nililigusa nikaondoa mkono haraka. Halafu dari. Juu kabisa ya amplifaya, kwenye ubao laini wa dari, palikuwa pameanza kuingia rangi ya chai. Nilimwonyesha. Alitazama juu kwa muda, akasema mabati yanavuja.

"Haijanyesha tangu mwezi uliopita, Baba."

Hakunijibu. Hata leo sijui kama hakutaka au hakunisikia.

Jirani yake, mama mmoja mcheshi anayeuza chapati, alinishika mkono uani. "Sista, huyo mzee wenu anatutetemesha ukuta. Mngurumo asubuhi, mngurumo jioni, kama disko matanga. Nimemwambia apunguze, anasema tu asante. Sikio la kufa halisikii dawa, ama?" Akacheka. Ni msemo tu, kila mtu huusema juu ya mzee mkaidi, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini nilimjibu vibaya, nikaingia ndani.

Kisha Jumamosi moja, karibu saa sita mchana, baba alinipigia simu. Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Mama! Njoo! Nimemaliza! Njoo usikie!"

Niliacha pazia la mtu likiwa nusu, nikaenda.

Niliusikia tangu getini. Haukuwa muziki. Ulikuwa mngurumo mmoja mzito usiopanda wala kushuka, na kadiri nilivyokaribia ndivyo ulivyoingia kwenye meno. Yule mama wa chapati alikuwa amesimama nje na sufuria mkononi, hacheki tena. Nilisukuma mlango. Vikombe vilikuwa vinagongana ndani ya kabati. Picha ya harusi ilikuwa imepinda ukutani. Valvu nne za mwisho, ambazo kwa kawaida hutoa mwanga mdogo wa manjano chini kabisa, zilikuwa nyekundu tumboni. Bati la ndani ya kioo lilikuwa limeiva kama waya wa jiko la stima. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda wima kutoka kwenye transfoma kuelekea ile rangi ya chai.

Na baba alikuwa ameketi mbele yake, mgongo umenyooka, mikono magotini, kama yuko kanisani. Aliponiona alitabasamu. Aliinua kidole nisiseme kitu.

"Sikia," alisema. "Nimezungusha skrubu ya umeme wa valvu mpaka mngurumo wote umeisha. Unasikia hiyo? Kimya kabisa."

Kumbe hata sauti za chini zilikuwa zimemtoka. Nilipita mbele yake nikang'oa plagi ukutani.

Mngurumo ulikatika. Vikombe vikatulia. Kioo cha valvu kikaanza kutoa sauti ndogo ndogo za kupoa, na ile rangi nyekundu ikafifia polepole. Baba aliinuka kwa hasira.

"Mbona umezima? Ndiyo kwanza nilikuwa naweka santuri!"

Nilijikuta nampigia baba yangu kelele, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilimwambia nyumba ilitaka kuungua. Nilimwambia nimeusikia mngurumo tangu getini, kwamba vikombe vinacheza, kwamba mtaa mzima umesimama nje. Nilimwonyesha moshi kwa kidole, nikamwonyesha picha iliyopinda. Alifuata kidole changu, kitu kimoja baada ya kingine. Alitazama picha muda mrefu. Kisha alikwenda kabatini, akagusa kikombe kimoja kilichokuwa kimesogea mpaka ukingoni, akakirudisha ndani.

"Ilikuwa inalia?" aliuliza.

"Ilikuwa inalia, Baba."

"Na zile za katoni? Siku ile?"

"Zote."

Aliketi. Nilipiga magoti karibu naye, nikaanza kueleza mambo ya hospitali, kwamba kuna vifaa vidogo watu huvaa masikioni, kwamba kaka si lazima ajue leo. Nilisema kwa sauti ya juu na alikuwa ananitazama mdomo, na hapo nikagundua kwamba amekuwa akinitazama mdomo kwa muda mrefu sana.

"Mimi ndiye nilisema sikio halidanganyi," alisema. "Mpigie kaka yako."

"Nimwambie nini?"

"Alitaka kitu kimoja. Mwambie kimepatikana."

Nilikataa. Alirudia, bila hasira, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia kututuma dukani. Nikatoka uani na simu. Mama wa chapati aliniona uso, akarudi kwake na sufuria yake. Simu ya kaka iliita, ikaita. Kupitia dirishani nilimwona baba akiinuka, akachukua bilauri kutoka kabatini, akaiweka mezani mbele yake, akaiinamia na kufumba macho.

"Niambie, sista," kaka alisema sikioni mwangu. "Kuna nini? Sista?"

Ndani, baba aliigonga bilauri kwa penseli, taratibu, kama alivyonifundisha. Akangoja. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Akangoja. Akagonga tena.